Mchezo Kuwa Kazi

Wahenga walisema, "Kazi mbi si mchezo mwema." Maana yake ni kwamba kazi, hata ikiwa duni, ina thamani kupita mchezo, hata ukiwa mzuri. Sina nia ya kubishana na wahenga. Mkulima achezaye wakati wa palizi hulia wakati wa mavuno, na mwanafunzi achezaye wakati wa somo hujuta siku ya mtihani. Lakini methali hii huacha swali moja bila jibu, nalo ni hili: Je, mchezo wenyewe ukiwa ndio kazi ya mtu, ukiwa ndio jembe lake na shamba lake, tuuite nini? Tuudharau kwa kuwa ni mchezo, au tuuheshimu kwa kuwa ni kazi? Nataka, msomaji, tulifikiri swali hili pamoja, wewe na mimi, kwa kuutazama mchezo mmoja tu, mpira wa wavu, na watu wa namna moja tu, wanawake wa Kenya wapatao riziki yao katika mchezo huo.

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha kwa miaka mingi katika Sotik, mji mdogo wa Kaunti ya Bomet ambao barabara itokayo Kericho kwenda Kisii hupita ndani yake. Nchi yetu ni nchi ya chai na maziwa. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba, na alasiri, miezi mingi ya mwaka, mvua hunyesha. Watu wetu huchuma majani mawili na chipukizi, huyapeleka kituoni yakapimwa, na mwaka ukipita huingojea bonasi, ambayo kwa wengi ndiyo karo ya watoto. Lakini miaka hii mashine za kuchumia chai zimeingia katika mashamba makubwa, na mikono mingi imekosa kazi. Mwezi wa Mei 2023 hasira ilipanda hata watu wakazichoma moto baadhi ya mashine hizo huko Kericho. Kwa hiyo mzazi wa kwetu anapouliza mtoto wake atafanya kazi gani, haulizi kwa kupenda mazungumzo. Anauliza kwa hofu.

Katika shule zetu mpira wa wavu huchezwa sana, na sababu yake si ngumu kuifahamu. Ni mchezo usiodai mali nyingi. Miti miwili ya mkaratusi ikisimamishwa, wavu ukafungwa kati yake, na mistari ikachorwa kwa chokaa au kwa jivu, uwanja umekwisha kupatikana. Urefu wake ni mita 18 na upana wake mita 9. Uwanja wa shule niliyofundisha kwanza ulikuwa mtelemkoni, na mpira ukitoka nje uliteremka hadi ndani ya chai. Msichana aliyeukosa mpira aliufuata mwenyewe, akarudi amelowa umande hadi magotini. Wasichana wetu walijifunza mapema kutouacha mpira utoke.

Hata hivyo, sifa ya nchi yetu haikujengwa na wavu. Imejengwa na mbio. Mercy Cherono, mwenyeji wa sehemu zetu za Sotik, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika mashindano ya dunia ya mwaka 2013 mjini Moscow, na watoto wa hapa walijua habari hiyo kabla hawajajua Moscow iko wapi. Mkimbiaji ana njia iliyo wazi mbele yake. Aweza kuamka alfajiri, akakimbia peke yake hadi mtoni na kurudi, na saa ikamwambia ukweli wake wote. Mchezaji wa mpira wa wavu hawezi. Yeye huhitaji watano wengine upande wake na sita wengine upande wa pili, na ubora wake hauonekani mpaka wenzake wawe bora pia. Ndiyo sababu mzazi wa kwetu huelewa upesi ukimwambia mtoto wake atakuwa mkimbiaji, lakini ukimwambia atakuwa mchezaji wa mpira wa wavu, hunyamaza na kukutazama.

Tuangalie kidogo sheria za mchezo wenyewe, maana ndani yake mna mafunzo. Wachezaji ni sita kila upande. Wavu wa wanawake husimama mita 2 na sentimita 24 kutoka ardhini. Kila upande huruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla ya kuurudisha, bila ya kuhesabu mguso wa kuzuia wavuni. Mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo, wala hakuna anayeruhusiwa kuushika. Fikiri maana ya sheria hii. Katika michezo mingine mwenye ustadi aweza kuuchukua mpira, akakaa nao, akawapita watu wote, akafunga peke yake. Katika mpira wa wavu hapana mwenye mpira. Kila anayeupata hana budi kumpa mwenzake papo hapo, na kumpa vizuri. Yule apigaye pigo la mwisho ndiye ashangiliwaye, lakini kabla yake yuko aliyeupokea mpira kwa mikono iliyonyooshwa, ngozi ikimwasha, na yuko aliyeuinua kwa ncha za vidole hadi mahali palipotakiwa. Wapokeaji na wapangaji wa mpira hawatajwi sana. Bila ya wao pigo la mwisho halipo.

Mwaka mmoja alikuja kwangu mzee mmoja aliyekuwa amechuma chai maisha yake yote. Binti yake alikuwa katika kidato cha tatu, mrefu, mwenye mikono mirefu na macho makini. Watu wa timu moja ya Nairobi walimwona katika mashindano ya shule, wakamwambia kwamba akipenda aende akajaribiwe. Habari hiyo ilimfurahisha binti na kumnyima baba usingizi.

"Mwalimu," akaniambia baada ya salamu, "mimi sikusoma, lakini kuuliza najua. Nina maswali matatu. Nani atamlipa mtoto wangu? Atamlipa kwa muda gani? Na siku atakayoambiwa basi, atarudi nyumbani na nini?"

Nikamjibu, "Mzee, maswali yako ni mazito kupita ya mtihani. Nipe siku chache niyatafutie majibu."

Msomaji, nimekwisha kusikia watu wengi wakisema juu ya vijana na michezo. Wengine husema kwa kusifu, wengine kwa kulaani. Sijapata kumsikia mtu aliyeuliza vizuri kama mzee huyu. Hakusema mchezo ni mbaya, wala hakusema ni mzuri. Aliupima kama apimavyo kazi yoyote. Nitakueleza niliyoyapata katika kila swali, ili nawe, ukiwa na maswali kama hayo, usianzie gizani.

Swali la kwanza lilikuwa, nani atamlipa. Katika nchi kama Italia, Uturuki na Brazili ziko ligi ambazo vilabu vyake huwalipa wanawake mishahara kwa mikataba, na mchezo ndio kazi yao yote. Kwetu Kenya njia ni nyingine. Timu kubwa za wanawake ni za mashirika na idara. Iko timu ya Magereza, iko timu ya Kenya Pipeline, shirika lisafirishalo mafuta kwa mabomba, na iko timu ya benki ya KCB. Kwa hiyo, msichana achukuliwapo na timu hizi, mara nyingi lango aliingialo ni la ajira. Anayechezea Magereza aweza kuwa askari magereza kamili, aliyepita mafunzo ya Ruiru, mwenye sare na cheo, alipwaye mshahara kama askari wenzake. Mshahara wa namna hiyo hauondoi shida zote za ukoo, lakini huja mwisho wa mwezi, mvua ikinyesha isinyeshe.

Usidhani kwamba mtindo huu ni wa nchi maskini peke yake. Mpira wa wavu ulibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan katika mji wa Holyoke, Marekani, na uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964 huko Tokyo. Mabingwa wa kwanza upande wa wanawake walikuwa Wajapani, nao wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kampuni moja ya nguo iliyoitwa Nichibo, katika kiwanda chake cha Kaizuka. Mchana walifanya kazi zao za kampuni, na baada ya kazi mwalimu wao, Hirobumi Daimatsu, aliwafunza hadi usiku mkubwa. Alisifiwa na alilaumiwa kwa ukali wake. Wasichana hao wa kiwandani, wakiongozwa na Masae Kasai, waliushinda Muungano wa Kisovieti na kuvaa dhahabu. Nilipomsimulia mzee habari hii alitikisa kichwa. Kazi ya kiwandani aliijua, na kuchoka jioni alikujua. Kumbe mchezaji wa mpira wa wavu si kiumbe kigeni.

Wako pia wachache waitwao ng'ambo. Sharon Chepchumba, mmoja wa washambuliaji wakubwa wa Kenya, amepata kuichezea Aris ya mji wa Thessaloniki katika Ugiriki. Lakini ningekudanganya kama ningekuambia kwamba njia hiyo ni pana. Ni kichochoro, na wapitao ni wachache. Tena hata wachezaji wa timu yetu ya taifa wamepata kulalamika hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba posho zao zimechelewa. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza lina sharti lake: mchezaji hulipwa na barua yake ya kazi, halipwi na makofi ya watazamaji. Barua hiyo isomwe. Je, ni ajira ya kudumu, au ni mkataba wa msimu mmoja? Akiumia uwanjani, nani atamtibu? Akiumia asiweze kucheza tena, kazi yake itabaki au itakwisha? Mtu asiyesoma barua kabla ya kutia sahihi huisoma baadaye kwa machozi.

Swali la pili lilikuwa, kwa muda gani. Hapa jibu ni fupi na halina huruma. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mchumaji chai aweza kuchuma hadi nywele zikawa nyeupe. Mchezaji wa mpira wa wavu huruka na kutua mara nyingi katika zoezi la siku moja, na kila atuapo goti huandika deni. Bega nalo huchoka kwa kupiga, na kifundo cha mguu huteguka akikanyaga mguu wa mwenziwe chini ya wavu. Wengi humaliza kazi hii wakiwa na miaka thelathini na kitu, umri ambao mwalimu au daktari ndio kwanza anaanza kuheshimiwa. Mwanamke ana jambo jingine zaidi, nalo ni uzazi. Wako waliokwenda kujifungua kisha wakarudi uwanjani wakacheza vizuri kama zamani, lakini hakuna aliyerudi bila ya taabu, wala bila ya watu wa nyumbani kumsaidia kulea.

Tena kazi hii haina ahadi. Mtazame Mercy Moim. Alizaliwa mwaka 1989. Timu ya wanawake ya Kenya, iitwayo Malkia Strikers, ilipocheza katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, yeye alikuwa msichana wa miaka 15. Baadaye akaja kuwa nguzo ya timu hiyo. Lakini Kenya haikufika Beijing mwaka 2008, wala London mwaka 2012, wala Rio mwaka 2016. Olimpiki tatu zilipita, na kila moja ilichukua miaka minne ya ujana wa wachezaji wetu. Wako waliochoka wakaacha, na wako walioumia. Mwezi wa Januari 2020, katika mji wa Yaoundé, Kameruni, Kenya ikapata nafasi ya kwenda Tokyo. Kisha ugonjwa wa korona ukaisukuma michezo hiyo mbele kwa mwaka mzima. Mercy Moim alipoingia uwanja wa Olimpiki akiwa nahodha, mwaka 2021, alikuwa na miaka 32. Nakuuliza, msomaji: je, wewe wajua kungoja hivyo? Wajua kufanya zoezi leo kwa ajili ya siku ambayo hakuna awezaye kukuahidi kwamba itafika? Kama hujui, usikate tamaa, maana jambo hilo hufunzika. Lakini usiingie katika kazi hii kwa kudhani kwamba zawadi imekwisha kuwekwa mezani.

Swali la tatu lilikuwa zito kupita yote: atarudi nyumbani na nini? Niliwaza sana juu yake. Mtu akiacha kuchuma chai, mashina ya chai hubaki. Mchezaji akiacha kucheza, uwanja huingiwa na wengine siku ile ile. Basi hubaki nini?

Kwanza, hubaki kazi, kama barua yake ilikuwa ya kazi. Askari magereza aliyeacha kucheza bado ni askari magereza. Pili, hubaki ujuzi, nao huweza kuuzwa. Margaret Indakala, aliyepata kuichezea Kenya, alikuja kuwa mwalimu wa timu ya Kenya Pipeline. Tatu, hubaki elimu, kama mtu hakuitupa njiani. Jambo hili la tatu napenda ulitie moyoni, wewe uliye shuleni sasa. Mchezaji aliyeacha masomo hutegemea goti lake peke yake. Aliyesoma hutegemea goti na kichwa, na kichwa hudumu zaidi.

Mfano ulio mzuri kupita yote kwangu ni wa Janet Wanja. Alikuwa mpangaji wa mpira, mmoja wa wale nilioeleza kwamba hawatajwi sana. Aliichezea Kenya katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, akiwa bado kijana mdogo. Ujana ulipokwisha hakuuacha mchezo. Alijifunza kazi ya kuiandaa miili ya wachezaji, na Malkia Strikers walipokwenda Paris mwaka 2024 alikwenda nao akiwa mwalimu wao wa mazoezi ya viungo. Miaka 20 ilikuwa imepita kati ya safari zile mbili. Safari ya kwanza alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, na ya pili alikwenda ili miguu ya wengine iwe imara. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo alifariki dunia kwa ugonjwa wa saratani, umri wake ukiwa miaka 40. Wachezaji wa vizazi viwili walimlilia. Ukiniuliza mchezaji hurudi nyumbani na nini, mimi nitakujibu: hurudi na alichowapa wengine, kama alijua kutoa; na mchezo huu, usioruhusu mtu kuushika mpira, humfunza kutoa.

Niliyaeleza haya katika chumba cha walimu kabla sijamjibu mzee. Mwalimu mwenzangu, mtu mwema mwenye kupenda mbio, akacheka akasema, "Lakini hao Malkia wako hushindwa kila mara. Kwa nini umpeleke mtoto wa mtu kwenye kushindwa?"

Maneno yake yana ukweli, na ukweli haufichwi. Kenya imepeleka timu ya wanawake ya mpira wa wavu katika Olimpiki nne: Sydney mwaka 2000, Athens 2004, Tokyo iliyofanywa 2021, na Paris 2024. Katika Olimpiki hizo imecheza michezo 18, na haijashinda hata mmoja. Huko Paris ilishindwa na Brazili, ikashindwa na Poland, ikashindwa na Japani, bila ya kupata seti moja. Hayo ndiyo mambo yalivyo.

Lakini mambo mengine nayo yako. Timu hiyo hiyo ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na mwaka 2023, huko Yaoundé, iliishinda Misri katika fainali ikautwaa kwa mara ya kumi. Katika Olimpiki timu za wanawake za mchezo huu huwa 12 tu kutoka dunia nzima. Ili mtu ashindwe Paris, hana budi kwanza kufika Paris. Mwanafunzi aliye wa kwanza katika shule ya kijijini, akienda shule kubwa ya taifa akawa wa mwisho, hakupungukiwa na akili njiani. Amekutana na kipimo kikubwa zaidi. Swali la haki si kwa nini ameshindwa. Swali la haki ni nini wenzake walichopata ambacho yeye hakupata. Wale waliowashinda wasichana wetu hucheza na timu kali wiki baada ya wiki, katika majumba ya michezo yenye sakafu laini, tangu utotoni. Wasichana wetu wengi huanzia katika vumbi na tope, kwa mpira mmoja wa darasa zima. Kushindwa kwao ni hesabu ya vitu tusivyowapa, nasi tunaisoma kana kwamba ni hesabu ya nguvu zao.

Liko jambo moja zaidi, nalo nililiambia jopo zima la walimu. Kenya yajulikana duniani kwa wakimbiaji. Hata hivyo, katika ufunguzi wa michezo ya Tokyo, bendera yetu ilichukuliwa na Mercy Moim pamoja na Andrew Amonde, mchezaji wa raga. Katika ufunguzi wa michezo ya Paris ilichukuliwa na Triza Atuka, nahodha wa Malkia Strikers, pamoja na Ferdinand Omanyala, mkimbiaji wa mita 100. Mara mbili mfululizo taifa la wakimbiaji lilimpa bendera mwanamke wa mpira wa wavu. Watu wa mbio hawakukosekana. Taifa lilitambua kwamba iko heshima isiyotokana na kushinda peke yake, bali hutokana na kusimama pamoja na wengine mahali pagumu, tena na tena. Mwenzangu akanyamaza, kisha akasema, "Hilo la bendera sikulifikiri."

Nikaenda nyumbani kwa mzee. Tuliketi nje, tukanywa chai ya maziwa, nami nikamweleza yote, mazuri na mabaya, bila ya kutia sukari. Nilipomaliza alikaa kimya kitambo. Kisha akamwita binti yake na mama yake, akasema mbele yao, "Nimekubali, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, amalize kidato cha nne. La pili, barua ya kazi isomwe hapa, mbele yangu, kwa lugha ninayoisikia, kabla hajaitia sahihi." Binti alitaka kwenda mwezi ule ule. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, baba."

Alimaliza shule. Alikwenda kujaribiwa, akapata nafasi, na barua ikasomwa chini ya mti mbele ya ukoo mzima. Sikuambii kwamba jina lake limo magazetini, maana halimo. Mara hucheza, mara hukaa benchi akingoja. Kila mwezi hutuma fedha za karo ya mdogo wake, na jioni, akiisha kuoga na kupaka dawa magotini, husoma hesabu za biashara. Ni maisha ya mfanyakazi. Hayana ngoma wala vigelegele vya kila siku, lakini ni yake, na ameyapata kwa mikono yake.

Sasa nakugeukia wewe. Kama wewe ni msichana, na Mungu amekupa kimo na wepesi, usikubali kuambiwa kwamba kipaji chako ni upuuzi, wala usikubali kuambiwa kwamba kipaji chatosha. Jiulize maswali matatu ya yule mzee kabla hujaulizwa na wengine. Kama wewe ni mvulana, usiutazame mchezo wa dada zako kama pambo la sherehe za shule. Wachie uwanja kwa zamu yao, na uwape mpira ulio mzuri, si ule uliotoboka. Na siku utakapokuwa mzazi, nawe uketi nje na mwalimu wa mtoto wako, uulize nani atamlipa, kwa muda gani, na atarudi na nini. Usimkataze mtoto kabla hujauliza, wala usimruhusu kabla hujajibiwa.